Jamani, Mbwa Ndiye Aliyejua!

Jamani, jamani, jamani! Nimekifunga kitabu sasa hivi. Saa kumi ya alfajiri, adhana bado, hata jogoo wa jirani bado, na mimi nimekaa kitako katikati ya kitanda, macho makavu kama ya bundi, moyo unanidunda kama ngoma ya harusi, na sina hata mtu wa kumwamsha nimsimulie. Basi nakusimulia wewe. Acha unachofanya, weka chai chini. Kuna riwaya inaitwa The Scapegoat, ya Daphne du Maurier, na kama hujaisoma nakuonea wivu wa kweli kweli, maana wewe mara yako ya kwanza bado ipo, yangu imekwisha dakika ishirini zilizopita.

Ngoja nianze vizuri. Siwezi kuanza vizuri! Basi nianzie sokoni.

Unaujua ule msemo wetu, duniani wawili wawili? Mwaka jana, Kariakoo, bibi mmoja muuza ndimu alinidaka mkono nikipita. "Mwanangu! Mtoto je, kapona?" Simjui. Sina mtoto. Nilitaka kumwambia, bibi, umenifananisha. Lakini uso wake ulikuwa umechangamka mno, kile kiganja chake kilikuwa cha moto mno juu ya mkono wangu, na kabla sijajijua mdomo ukanitoka: "Shikamoo bibi. Kapona, tunamshukuru Mungu." Akaniitikia marahaba, akanipigia dua ndefu, akanitilia ndimu tatu za bure mfukoni. Nikaondoka na ndimu za mtu mwingine na dua ya mtu mwingine. Nilicheka mpaka kituoni.

Sasa chukua ile dakika moja yangu ya Kariakoo, ipeleke Ufaransa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ifungie ndani ya kasri la kale lenye unyevu kwenye kuta, halafu uitupie mama, mke, hawara, mtoto, kiwanda kinachozama kwa madeni, dada aliyenuna kwa miaka kumi na tano, na kifo cha wakati wa vita ambacho hakuna anayekitaja mezani. Na bado!

Kitabu chenyewe nilikiokota pale Posta, kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaovipanga chini pembeni mwa barabara. Jalada limechoka, kurasa za rangi ya chai ya maziwa, harufu ile tamu ya karatasi kuukuu iliyokaa kabatini na nondo. Nikaanza kukisoma ndani ya mwendokasi kwa kujipotezea muda tu. Nilipaswa kushuka Magomeni. Nilipoinua kichwa nilikuwa Kimara! Mwisho wa safari, basi limebaki tupu, dereva ananitazama kwenye kioo. Na sikujali, mwenzangu, sikujali hata kidogo, nilikaa hapohapo kituoni nikamalizia ile sura.

Maana mwanzo wake unakushika ukosi. John ni Mwingereza, mwalimu wa historia ya Ufaransa, Kifaransa anakinywa kama maji, lakini mpweke, mpweke wa kuumiza, hana mke, hana mtoto, hana mtu wa kumuuliza leo umekula nini. Yuko likizo mjini Le Mans, mvua inamnyeshea, na amekata tamaa kiasi kwamba anafikiria kwenda kwa watawa wa Grande-Trappe awaulize mtu aliyeshindwa na maisha yake aishi vipi. Unaisikia ile mvua, wallahi, unaisikia inavyoingia kwenye kola. Halafu anageuka na kuiona sura yake mwenyewe inamtazama.

Shilingi kwa ya pili! Uso uleule, kimo kilekile, sauti ileile. Huyo wa pili ni Jean de Gué, mwinyi mwenye cheo cha comte, mcheshi, mlaini, ana meno mazuri ya mtu ambaye hutamwachia funguo zako. Wanakunywa. Wanakula. Wanakunywa tena. Mmoja analalamika kwamba hana watu, mwingine analalamika kwamba watu wamemzidi. Unaona tunakokwenda? Mimi niliona, nikajisifu kwamba nimeona, maana nimelelewa na hadithi za upelelezi za Bwana Msa mimi, hunidanganyi kirahisi. Na bado! Asubuhi ile ilinipiga kofi. John anaamka kwenye chumba cha hoteli ya bei poa, kichwa kizito kama kinu, suti hakuna, pochi hakuna, pasi hakuna, gari hakuna. Zilizopo ni nguo za yule mwingine. Na mlangoni amesimama dereva, mpole, mwenye subira, amekuja kumchukua bwana wake amrudishe nyumbani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa nguo zenyewe ndizo zilizommeza mtu mzima mzima!

Utasema, si aseme tu? Anasema! Anasema, na kadiri anavyosema ndivyo anavyoonekana bwana mkubwa aliyelewa vibaya. Na hapo ndipo du Maurier anapokufanyia ujanja mtamu, mbaya, mtamu mno: anakufanya utake apande lile gari. Niliona aibu. Nilikuwa nanong'ona peke yangu, panda, panda, panda bwana, tukaone.

Tukaona. Mungu wangu, tukaona! Anaingia ndani ya kasri, na hajui nani ni nani. Fikiria hilo taratibu. Watu wanamjia, wanamsemesha kwa nusu sentensi kama watu wa nyumba moja wanavyosemeshana, na yeye hajui yupi mke, yupi dada, yupi shemeji. Nani nimbusu shavuni na nani nimpe mkono? Chumba changu kiko wapi? Jasho jembamba lilinitoka nikiwa nimelala kitandani kwangu chini ya feni. Kila mlango unaofunguliwa, unajikunja. Kila anayesema "kama tulivyoongea wiki iliyopita", unafumba macho. Na mwanamke anayemvizia ukumbini na kumkumbatia kwa joto kuliko wote… si mkewe! Nikashika mdomo.

Halafu mtoto. Jean hakusema ana mtoto! Binti anaitwa Marie-Noel, mdogo, mkali, mwenye akili za kutisha, anayezungumzia watakatifu kama mtu anavyozungumzia majirani wa mtaa wa pili, na anampenda baba yake kwa mapenzi yanayokaribia ugonjwa. Kuna mama mtu, mkubwa wa mwili na mkubwa wa amri, anatawala kasri zima kutoka kitandani mwake, na kwa nini hatoki kitandani ni jambo litakalokushusha pumzi. Kuna mke, Françoise, mjamzito, mnyonge, anayetembea kama anaomba radhi kwa kuwepo. Kuna mdogo mtu, Paul, aliyebebeshwa mzigo wa kiwanda na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Na kuna dada, Blanche, ambaye hajamsemesha kaka yake neno moja kwa miaka kumi na tano. Neno moja! Wanakula meza moja. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hapa tumefungua, tumeingia, na mlango umejifunga nyuma yetu.

Sasa nikwambie kuhusu zawadi. Lazima nikwambie, hili moja tu, nitapasuka nisipokwambia. Kwenye mizigo ya Jean kuna vifurushi vya zawadi kutoka Paris, kila kimoja na herufi ya jina juu yake. John, maskini ya Mungu, anaona hapa pana unafuu, atagawa zawadi, watu watafurahi, atajifunza majina. Kifurushi chenye herufi B anampa nani? Blanche, bila shaka! Blanche yule wa sala na nguo nyeusi, ambaye kaka yake hajamletea kitu tangu enzi. Karatasi inachanwa. Na ndani mna manukato, jamani, manukato ya kifahari, ya mwanamke wa kupendwa usiku, na kila mtu mezani anaelewa kwamba kuna B mwingine mahali fulani. Kimya kile! Nilikisikia kile kimya. Nilisimama nikazunguka chumba, nikarudi, nikasoma tena, nikazunguka tena. Na bado! Bado kuna kifurushi cha mama, na hicho sikigusi, utakifungua mwenyewe, na ukikifungua utataka kumfuata Jean de Gué huko alikokwenda umchape vibao viwili.

Naam, najua utakaloniuliza, maana nami nilijiuliza, nikajibishana na kitabu kwa sauti. Mke asimjue mume? Mama mzazi asimjue mwanawe? Haiwezekani! Kwanza subiri umwone mbwa.

Yupo mbwa. Anaitwa César. Watu wazima wote wa kasri lile wanamkaribisha bwana wao, wanamlalamikia, wanamlilia, wanamwomba pesa, na mbwa, mbwa peke yake, anamtazama John na kuanza kubweka kama amemwona mwizi. Nywele zilinisimama. Hakuna damu hapo, hakuna bastola, ni mbwa tu anabweka uani, na mimi nilivuta shuka mpaka kidevuni. Watu wanasema labda mbwa anaumwa. Anaumwa! Na hapo hapo, kwa lile bweko moja, nikaelewa kitu kilichonifanya niweke kitabu kifuani nikaitazama dari: katika nyumba ile hakuna aliyemtazama mwenzake kwa miaka. Mama anamtazama mwana wa kumhudumia. Mke anamtazama mume wa kumwogopa. Paul anamtazama kaka wa kumchukia. Kila mmoja ana picha yake kichwani, na picha ile inafunika uso ulioko mbele yake. John hahitaji kuwa mwigizaji hodari hata kidogo. Anavaa koti, wao wanamalizia wenyewe. Mbwa hana picha kichwani, ana pua tu.

Hiyo ndiyo taharuki yenyewe, na ndiyo maana inakaba kuliko vitabu kumi vya bunduki. Ingawa bunduki zipo! Kuna siku ya kuwinda, wageni wamejaa, Jean anasifika kwa shabaha, na John wetu hajui hata kushika bunduki. Hawezi kukataa, hawezi kukubali, na kuna moto unawaka pale. Anachofanya mbele ya ule moto… Niliuficha mkono wangu mwenyewe kwapani. Mpaka sasa bado naugusagusa.

Na bado, na bado, na bado! Maana ulitegemea nini? Ulitegemea kitabu kizima kiwe atakamatwa, hatakamatwa. Nilitegemea hivyo. Kumbe kuna hatari nyingine inapanda polepole kama maji ya bamvua, hujaiona mpaka imekufika magotini: huyu mtu anaanza kuwapenda. Anawapenda! Anasema uongo mdogo kuhusu mkataba wa kile kiwanda cha kioo, kwa huruma tu, ili watu walale vizuri, halafu analazimika kuugeuza ule uongo uwe kweli, na ukweli huo una bei yake. Anataka kumfurahisha mtoto. Anataka Blanche aseme neno. Anaanza kurekebisha maisha ambayo si yake, kwa mikono ambayo haijui waya upi umeunganishwa na upi, na kila anapogusa kitu kizuri kinatoa cheche upande wa pili. Nilikuwa namwombea afanikiwe. Mlaghai! Nilikuwa namwombea mlaghai dua za kweli, huku nikijua kwamba mwenye nyumba yuko hai mahali fulani, anatumia jina la John na pesa za John, na siku yoyote anaweza kukumbuka njia ya kwao. Unajua hofu hiyo ilivyo? Kama kukaa kwenye kiti cha mtu aliyetoka kidogo tu.

Sikwambii kama anarudi. Usiniulize. Sikwambii!

Lakini hili nitakwambia, maana lilinirusha kitandani. Huyu Daphne du Maurier, aliyezaliwa London mwaka 1907, wengi tunamjua kwa Rebecca ya 1938, au kwa wale ndege wa kutisha wa filamu ya Hitchcock ya 1963, ambao walitoka kwenye hadithi yake fupi. Hii ya kwetu ilitoka mwaka 1957. Na jina lake lile zuri la kimwinyi, du Maurier, unajua lilikotoka? Lilipachikwa! Babu wa mababu zake alikuwa mpuliza kioo wa Ufaransa, Robert Busson, aliyeingia madeni, akakimbilia Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, na alipofika London akajiongezea "du Maurier" ili aonekane bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi. Mpuliza kioo! Na kwenye riwaya, ukoo wa kimwinyi unaoishi kwa kiwanda cha kioo, katika maeneo yaleyale walikofanya kazi akina Busson! Baadaye, mwaka 1963, aliwaandikia riwaya yao kabisa, The Glass-Blowers. Yaani huyu mama alikuwa anaandika kuhusu mtu aliyevaa jina la mwingine, huku yeye mwenyewe jina lake juu ya jalada ni vazi la kuazima. Niligeuza kitabu nikaliangalia lile jina upya. Nikacheka peke yangu alfajiri kama mwehu.

Na kichwa cha kitabu! Kwa Kiswahili tunalo neno lake zuri mno ambalo tunalitumia kidogo mno: bangusilo, yule anayebebeshwa makosa ya wenzake. Mwanzoni unaona wazi bangusilo ni John, ametupiwa dhambi za Jean. Halafu unageuza kurasa, unasema hapana, ni yule mke. Hapana, ni Paul. Hapana, ni yule mtoto, mtoto anayetaka kujiadhibu kwa makosa ya watu wazima, ee Mola. Neno moja lile linatembea nyumba nzima, linabisha hodi kila chumba.

Kuna udhaifu? Labda ile kufanana yenyewe ni kubwa mno, ukiipima kwa mizani ya duka la dhahabu. Nani ana mizani saa nane za usiku? Nathari yake haina makeke, Kiingereza chake chepesi, kinateleza, unasoma ukurasa ukidhani unaangalia tu mandhari, kumbe umeshafungwa kamba miguuni. Harufu ya majani mabichi, baridi ya ngazi za mawe, moshi wa tanuri la kioo, mwanga mmoja dirishani usiku. Nilipotoka kunywa maji jikoni kwangu, joto la Dar es Salaam lilinishangaza. Nilikuwa nategemea baridi!

Filamu zipo. Ya 1959 ina Alec Guinness akicheza wote wawili, na Bette Davis ndiye yule mama wa kitandani, hebu fikiria. Ya 2012 ina Matthew Rhys, na hadithi imehamishiwa Uingereza. Nitazitazama zote, nitazitazama wikendi hii. Lakini wewe, nakuomba kwa jina la urafiki wetu, anza na kitabu. Usisome maelezo ya nyuma ya jalada. Usimuulize mtu mwisho wake. Anza Ijumaa jioni, ukiwa huna pa kwenda Jumamosi, na kama una mtu unayelala naye chumba kimoja mwambie mapema kwamba taa haitazimwa.

Nami nakala yangu nitakuazima, nakuapia, ila nipe siku mbili. Kuna kurasa fulani za mwisho nataka kuzirudia, maana nilizipitia kwa pupa, nikilia. Ndiyo, nililia. Nilianza na mtu aliyeibiwa suti, nikaishia kulia, na hata sasa nikijaribu kukueleza ni kwa ajili ya nani nashindwa.

Adhana hiyo. Kumekucha kweli. Na unajua ninachokiwaza, kati ya yote haya? Zile ndimu. Mwaka mzima nimekuwa nikikisimulia kile kisa kwa kuchekesha watu: bibi alivyonifananisha, nilivyomjibu, ndimu tatu za bure, ha ha ha. Na haijawahi kunipitia akilini, hata mara moja, kwamba kuna mtoto. Yupo mahali fulani mtoto aliyekuwa anaumwa, ana mama anayefanana na mimi kama shilingi kwa ya pili, na mimi nimemjibia kwamba kapona.

Leo nikitoka kazini napitia Kariakoo. Nitamtafuta yule bibi, nimpigie shikamoo, nimwambie ukweli, hata akinuna. Halafu nimuulize mtoto anaendeleaje.